Ufundi wa chuma: mafunzo yanayojenga amani



Katika mikutano yetu na familia zilizokimbilia Lubumbashi kutoka Mitwaba, Pweto, Manono, na hata Kasai baada ya vita vya 2016 na 2017, wazazi wanauliza kijana ajifunze kazi gani. Wengi wanataja ufundi wa chuma. Ni chaguo zuri. Lakini mafunzo yakigawanywa vibaya, yanaweza kuleta ugomvi mpya juu ya ule wa zamani.

Mji wa shaba na historia yake

Wazee wetu wa Katanga waliyeyusha shaba na kuitengeneza kuwa misalaba ya biashara karne nyingi kabla ya Wabelgiji. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na tanuru kubwa la shaba likaanza kazi mwaka 1911. Kampuni ya Union Minière, ambayo baada ya kutaifishwa mwaka 1967 ilikuja kuitwa Gécamines, ilihitaji watu wa kurekebisha pampu, kuunga mabomba na kutengeneza vipuri. Wasalesiani wa Don Bosco walifika mwaka 1911, na vijana wanajifunza ufundi katika shule zao kama Salama na Cité des Jeunes. Serikali nayo ina INPP, iliyoundwa mwaka 1964, yenye kituo mjini kwetu.

Lakini kazi hizo ziliwahi kutumiwa kuchochea chuki. Miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko. Wachochezi walisema kwamba wageni wamechukua nafasi za kazi katika kampuni. Familia nyingi zililala kwenye stesheni za gari la moshi kwa wiki na miezi, zikingoja kuondoka. Nafasi ya kazi au ya mafunzo ikitolewa kwa kabila, inageuka kuni za moto.

Fundi anajifunza nini?

Kwanza ni kazi ya mkono: tupa, msumeno, tindo na jiliwa la kubania chuma. Mwanafunzi anapewa kipande cha chuma akisugue kwa tupa mpaka pande zilingane na pembe ziwe sawa. Inachosha, na vijana wengi wanaona ni kupoteza wakati. Kumbe hapo ndipo mkono na jicho vinazoea usahihi.

Pili ni kupima na kusoma mchoro. Fundi anatumia kipimo kinachoonyesha hata sehemu ya kumi ya milimita.

Tatu ni kuchomelea, ambako mafundi wetu wanaita kusude: milango, madirisha, vitanda, pusipusi. Hapa usalama ni sheria. Bila kioo cheusi, mwanga unachoma macho. Pipa lililowekwa petroli lisichomelewe hata likionekana tupu, kwa sababu mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Chuma kilichopakwa zinki kinatoa moshi wenye sumu, basi kichomelewe mahali penye hewa.

Nne ni mashine ya kukereza. Chuma kinazunguka, na kisu kigumu kinakimega kidogo kidogo. Mfano ni mhimili wa kinu cha mahindi. Ukilika, mtaa unakosa unga wa bukari. Mkerezaji akikosea hata sehemu ndogo ya milimita, kinu kinatikisika na kuharibika tena.

Miezi michache inatosha?

Kozi fupi inaweza kumfundisha kijana kazi moja, kama kuchomelea mlango. Kukereza vizuri kunadai muda mrefu. Wazazi, kabla ya kulipa, ulizeni: mtoto atashika mashine kwa saa ngapi, cheti kinatambuliwa na nani, na mwisho wa kozi kuna mazoezi ya kazi kwa fundi?

Sanduku la vifaa peke yake halitoshi. Katika miaka ya 2000, mpango wa makanisa uitwao PAREC ulikusanya bunduki katika Katanga kwa kutoa baiskeli. Kinga ni msaada mzuri, lakini siku moja itavunjika, na anayejua kuitengeneza ndiye atakayeendelea kula kwayo. Kijana asiyejua kupiga hesabu ya bei, au asiye na mahali pa kufanyia kazi, atauza vifaa vyake siku ya njaa.

Tukumbuke pia kwamba umeme unakatika. Heri kuanza na kazi zisizoutegemea: mbabula, ndoo, majembe, kutengeneza kinga.

Viongozi wafanye nini?

1. Gaweni nafasi kati ya wakimbizi wa ndani na wenyeji wanaowapokea. Masharti yatangazwe mapema, na orodha ibandikwe mahali pa wazi. Kanuni ya 23 ya kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani inataka wapatiwe elimu na mafunzo mara hali inaporuhusu, hasa vijana na wanawake.

2. Msiwaache wasichana nje. Usahihi wa kipimo hauangalii kama mkono ni wa mwanamume au mwanamke.

3. Aliyepoteza karatasi za shule vitani, mwombeeni afanyiwe jaribio badala ya kufukuzwa mlangoni.

4. Tafuteni mafundi wazee. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mkupuo mmoja, na wengi wamo mitaani mwetu. Aliyekuwa na miaka 45 wakati ule sasa anakaribia 70. Akifa kabla ya kufundisha, ujuzi wake unazikwa naye.

5. Anzisheni karakana ya pamoja, yenye vijana wa pande zote, daftari la fedha lililo wazi, na mtu anayekubaliwa na wote wa kusuluhisha ugomvi.

Wanaoinua chuma kizito pamoja wanalazimika kuaminiana, maana mmoja akiachia, mwenzake anaumia. Urafiki huo hauji wenyewe. Unaanza siku orodha ya wanafunzi inapoandikwa kwa haki. Wazazi na machifu wa mitaa, ombeni kuiona orodha hiyo.