Tamasha la Tumaini: msanii mkimbizi aliyeleta jukwaa kambini

Mkazi wa Nagongera, wilayani Tororo, akitaka kutazama mchezo wa kuigiza katika Ukumbi wa Taifa jijini Kampala, hujipanga kwa nauli, kiingilio na mahali pa kulala. Kwa mkimbizi huongezeka kikwazo kingine: katika baadhi ya nchi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Msanii mmoja nchini Malawi alilitafutia jambo hili jibu.

Ni nani?

Menes la Plume, jina lake halisi Trésor Nzengu Mpauni, ni mshairi na mwanamuziki wa hip-hop kutoka Kongo. Alikimbilia Malawi na kuishi katika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Alifanya nini?

Mwaka 2014 alianzisha Tamasha la Tumaini ndani ya kambi. Kiingilio ni bure. Wasanii wakimbizi, Wamalawi na wageni kutoka nje hupanda jukwaa moja kwa muziki, ngoma, ushairi na maigizo. Maelfu ya watu huhudhuria, wakiwemo Wamalawi ambao hawakuwahi kukanyaga kambini. Baadhi ya wageni hulala kwa familia za wakimbizi na kuzilipa. Wauza chakula na kazi za mikono nao hupata chochote.

Tamasha lina mipaka yake. Huchukua siku chache tu kwa mwaka, na hutegemea wafadhili. Wala halikubadilisha sheria: mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwarudisha Dzaleka kwa nguvu wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini.

Sisi tunajifunza nini?

Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, inawaruhusu wakimbizi kutembea na kufanya kazi. Makazi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, tayari yana kituo cha sanaa za maonyesho. Kwa hiyo kwetu kikwazo kikubwa ni umbali na pesa, na hivyo hupungua onyesho likifanyika pale watu walipo: uwanja wa shule, soko, chini ya mwembe.

Kikundi kinachotaka kuanza kizingatie haya:

- Zungumzeni kwanza na mwenyekiti wa LC1 na polisi. Ndani ya makazi ya wakimbizi, oneni pia kamati ya RWC na ofisi ya OPM.
- Malizeni kabla ya giza, ili kina mama na watoto warudi nyumbani salama.
- Wawekeeni nafasi ya mbele wenye ulemavu na wazee.
- Changanyeni lugha. Tororo na Busia, Kiswahili pekee hakitoshi. Kidhopadhola, Kiteso na Kisamia vina wasikilizaji wao.