Faili Hili Limetoka kwa Nani? Kukagua Mafaili Kabla ya Kuyafungua na Kuyagawa

Katika kitivo cha lugha, sehemu kubwa ya masomo yetu siku hizi inasafiri ndani ya mafaili. Silabasi ya profesa inatoka kwenye simu ya mkuu wa promosheni, inaingia kwenye kundi la WhatsApp, inanakiliwa kwenye flashi, inapita sekretariati ya kuchapia, kisha inafika nyumbani kwenye kompyuta ambayo pengine inatumiwa na ndugu watatu. Kwa mwanafunzi anayeishi Kamanyola, pale barabara ya Bukavu kwenda Uvira inapotelemkia tambarare ya Ruzizi, mega ni ghali na umeme haupo kila saa. Mtu mmoja akishapakua kitabu, anawagawia wenzake kumi. Desturi hiyo ni njema, na bila hiyo wengi wetu tusingesoma. Lakini njia inayobeba silabasi ndiyo hiyohiyo inayobeba virusi.

Kwetu hasara yake ina uzito wa pekee. Kitabu kilichoharibika kinaweza kupakuliwa tena. Ngano ya Mashi au ya Kifuliiru iliyorekodiwa kutoka kwa bibi mmoja haipakuliwi popote. Bibi huyo akiwa ameshafariki, rekodi iliyomo kwenye kompyuta ndiyo sauti yake iliyobaki. Makala hii inaeleza jinsi ya kukagua faili kabla ya kulifungua au kumpa mwingine, kwa vifaa tulivyo navyo na bila kutumia mega nyingi.

Virusi vinaingiaje?

Virusi vya kompyuta ni programu, yaani orodha ya maagizo ambayo mashine inayatekeleza. Faili likiwa limelala kwenye flashi halifanyi lolote. Madhara huanza pale maagizo yanapoendeshwa, mara nyingi kwa mkono wa mwenye kompyuta anapolibofya. Kwa hiyo mtengeneza virusi ana kazi moja kubwa: kukushawishi ubofye. Anatumia maneno, majina na picha, vitu ambavyo mwanafunzi wa lugha anavijua vizuri.

Mifano ya kihistoria inalionyesha hilo. Mwezi Machi 1999 virusi vya Melissa vilienea ndani ya hati ya Word. Aliyeifungua hati hiyo na kuruhusu makro, yaani maagizo madogo yaliyofichwa ndani yake, aliwatumia bila kujua watu 50 wa kwanza katika orodha yake ya anwani. Wao wakaiamini kwa sababu ilitoka kwa mtu wanayemfahamu. Tarehe 4 Mei 2000 likaja faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, lililoanzia Ufilipino na kuzunguka dunia kwa muda mfupi. Waliolifungua walidhani ni barua ya mapenzi. Picha zao zilifutwa kwa kuandikwa juu yake, na mafaili yao ya muziki yakafichwa.

Soma jina la faili kama unavyosoma neno

Jina la faili lina shina na kiambishi tamati. Katika neno «anapikia», viambishi tamati ndivyo vinavyobadili kazi ya kitenzi. Katika jina la faili, herufi zinazofuata nukta ya mwisho ndizo zinazoiambia kompyuta ifanye nini. Tamati .pdf, .docx, .mp3 na .jpg ni za matini, sauti na picha. Tamati .exe, .vbs, .bat, .scr na .js ni za programu au maagizo. Tamati .docm ni hati ya Word yenye uwezo wa kubeba makro, na .doc ya zamani inaweza kuzibeba pia; .docx haizihifadhi ndani yake. Kwenye simu za Android, tamati ya kuangaliwa ni .apk, kwa kuwa hiyo ni programu nzima.

Shida ni kwamba Windows, isipobadilishwa, huficha tamati inazozijua. Faili liitwalo Silabasi_Fonolojia.pdf.exe litaonekana kama Silabasi_Fonolojia.pdf, na mtengenezaji wake anaweza hata kulivisha picha ya PDF. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama yoyote: fungua folda, nenda kwenye Affichage, uweke alama kwenye Extensions de noms de fichiers. Tangu hapo utasoma majina kamili.

Kuna hila nyingine itakayowavutia wanaosoma mifumo ya maandishi. Kwa ajili ya lugha kama Kiarabu, kompyuta zina alama isiyoonekana inayoamuru herufi zinazofuata zisomwe kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu mwovu akiitia alama hiyo baada ya neno «matokeo» na kuandika fdp.exe, machoni pako litaonekana matokeoexe.pdf, ingawa tamati ya kweli ni .exe. Dawa yake ni kuangalia safu ya Type katika folda. Ikiandika «Application» penye jina linalodai kuwa PDF, jina hilo linasema uongo.

Flashi na njia za mkato

Wengi wameshaona flashi ambayo folda zake zote zimegeuka na kuwa na mshale mdogo pembeni. Hiyo ni kazi ya mnyoo wa flashi. Mnyoo huficha folda zako za kweli na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya mojawapo, mnyoo unaendeshwa kwanza, kisha folda halisi inafunguka ili usishtuke. Wakati huo kompyuta imeshaambukizwa, na kila flashi itakayochomekwa baadaye itaambukizwa pia. Dalili zake ni mshale, neno «Raccourci» katika safu ya Type, na ukubwa wa kilobaiti chache tu kwa folda uliyojua kuwa nzito. Ukiona hivyo usibofye. Mara nyingi mafaili yako bado yapo, yamefichwa tu. Kufomati flashi kwa hasira ndiko kunakoyapoteza.

Tusidhani kuwa haya ni ya zamani. Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa kompyuta Mandiant ilieleza kwamba wapelelezi wanaohusishwa na China walikuwa wakieneza kwa flashi programu ya siku nyingi iitwayo Sogu. Walifikia mashirika yasiyopungua 29 duniani, na maambukizi mengi yalionekana kuanzia katika ofisi za mashirika hayo barani Afrika, zikiwemo za Kenya na Tanzania. Miongoni mwa mahali palipotajwa ni maduka ya kuchapia na vibanda vya intaneti. Mbinu ambayo nchi tajiri zilidhani imekufa bado inafanya kazi kwa sababu huku flashi bado inafanya kazi.

Kwa hiyo, ukienda sekretariati kuchapa TFC, usibebe flashi yenye rekodi zako zote. Beba ndogo yenye faili moja tu la PDF, na ukirudi uikague kabla ya kufungua chochote.

Ukaguzi wenyewe

Kwanza, uliza chanzo. Faili hili limetoka kwa nani, naye alilipata wapi? Jina la rafiki halitoshi, kama Melissa ilivyofundisha. Kama ujumbe haufanani na usemaji wake, mpigie simu.

Pili, tumia mlinzi uliye naye. Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender bila malipo. Bofya faili au flashi kwa kitufe cha kulia, uchague Analyser avec Microsoft Defender. Mlinzi huyu anatambua virusi kwa orodha inayobadilika kila siku, na orodha iliyochakaa haivijui virusi vipya. Asiye na intaneti nyumbani anaweza kupata nyongeza ya orodha hiyo kutoka tovuti ya Microsoft, katika faili liitwalo mpam-fe.exe. Ni zito, zaidi ya megabaiti 100, lakini mtu mmoja anaweza kulipakua kwa ajili ya promosheni nzima. Kwa kuwa nalo ni .exe, atakayelipokea afungue Propriétés, kisha Signatures numériques, ahakikishe sahihi iliyomo ni ya Microsoft.

Tatu, jihadhari na faili linaloomba mlango ufunguliwe. Hati inayosema huwezi kuisoma mpaka uruhusu makro. Zip yenye nenosiri, ambayo mlinzi hawezi kuona ndani yake. Programu iliyovunjwa kufuli, yenye maelekezo ya kuzima mlinzi kwanza: zote hizi ziache. Ni hivyohivyo kwa WhatsApp zilizorekebishwa. Mwaka 2021 Kaspersky iligundua kuwa toleo moja la FMWhatsApp lilibeba Triada, programu hatari inayoweza kupakua nyingine bila mwenye simu kujua.

Nne, ukiwa bado na shaka, tafuta maoni ya wengi. VirusTotal, huduma iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, hupitisha faili mbele ya walinzi kadhaa kwa pamoja. Mlinzi mmoja akilalamika peke yake, pengine amekosea. Wakilalamika ishirini, lifute.

Lakini tahadhari: faili unalolipandisha VirusTotal linaweza kufikiwa na makampuni ya usalama na wateja wao. Usipandishe maswali ya mtihani, orodha ya alama, wala rekodi ya mzee aliyekusimulia mambo ya ukoo wake kwa kukuamini. Badala yake tumia alama ya kidole ya faili, iitwayo SHA-256. Andika katika dirisha la amri certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, nawe utapata herufi na tarakimu 64. Zitafute VirusTotal. Faili lenyewe halitoki kwako, na mega zinazotumika ni chache. Alama isipopatikana, maana yake ni kwamba faili hilo halijawahi kufika huko. Si uthibitisho kwamba ni safi.

Kabla ya kugawa

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Anayegawa faili ovyo si adui wa wenzake, ila virusi hupita kwa mgongo wa wema wake. Ndiyo maana ukaguzi si jambo la mtu binafsi tu. Kila promosheni inaweza kukubaliana kwamba mkuu wake hukagua faili kabla ya kuliweka kwenye kundi, huandika limetoka wapi, na hutuma PDF badala ya Word kila inapowezekana. Walimu nao wanaweza kutusaidia kwa kutumia jina la faili la namna moja, ili lisilofanana lishtukiwe mapema.

Hata hivyo hakuna ukaguzi unaokamata kila kitu. Virusi vya leo asubuhi vinaweza kuwa bado havimo katika orodha ya mlinzi yeyote. Kwa hiyo rekodi za utafiti ziwe na nakala mbili zaidi, na mojawapo ikae kwenye kifaa ambacho hakichomekwi ila siku ya kuongeza nakala mpya. Anayerekodi ngano leo jioni Kamanyola atengeneze nakala hiyo kabla ya kulala, kabla hajaazima wala kuazimwa flashi.