Mfamasia Asitoe Dawa Tu, Afundishe Pia

Mgonjwa wa kisukari humwona daktari kwa dakika chache tu. Siku zilizobaki yuko nyumbani na dawa yake. Mara nyingi mtu wa mwisho kuzungumza naye ni yule anayempa dawa dirishani. Kwa hiyo wanafunzi wa famasia, kama wale wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichopo Bugando, Mwanza, hawana budi kujifunza zaidi ya majina ya dawa.

Tuchukue mfano wa mama wa Bugene anayetumia insulini. Vitabu husema chupa isiyofunguliwa itunzwe kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Je, asiye na friji? Aelezwe njia ya chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, mahali penye kivuli na hewa. Chupa iliyofunguliwa hutumika kwa kawaida majuma manne tu. Insulini iliyoganda kwa baridi itupwe.

Tena, mwanafunzi asiulize, "Umeelewa?" Mama atajibu "Ndiyo" kwa heshima tu. Aseme, "Mama, hebu nionyeshe unavyovuta dawa." Hapo kosa la kipimo litaonekana mapema.

Halafu kuna chakula. Kumkataza mtu wa Karagwe ndizi ni kumtenga na sahani ya familia. Afundishwe kupunguza ndizi na kuongeza mboga za majani na maharage kiasi. Asinywe rubisi tumbo likiwa tupu, maana pombe pamoja na insulini huweza kushusha sukari mno.

Familia nayo ijue dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Akiweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Jambo kubwa kuliko yote: asiache insulini mwenyewe, hata akijisikia amepona. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo, watoto wenye kisukari cha namna yake walikufa.

Basi ndugu, mnapofika dirishani msiondoke haraka. Ulizeni: itunzwe wapi, ichomwe saa ngapi, akiugua homa afanyeje? Kuuliza si ujinga.