Niliandika "haiingii maji", nikalipa mwenyewe

Leo nakupa somo lililonigharimu hela, wewe ulipate bure.

Mimi nauza saa za mkononi zilizotumika, zile za bei, kupitia Instagram na WhatsApp. Kuna saa moja ya Uswisi niliiuza Sh 1,450,000. Kwenye posti niliandika: "Original, haiingii maji, mita 30." Sikutunga, nyuma ya saa ndivyo ilivyochongwa.

Mteja akaenda nayo Zanzibar. Jumatatu asubuhi napokea picha: ukungu umetanda chini ya kioo.

"Kaka, mbona saa yako imeingia maji?"

"Pole sana. Ulizama nayo?"

"Nizame wapi? Maji yalinifika kiunoni tu. Wewe si uliandika mita 30?"

Nikakosa jibu. Maneno yalikuwa yangu, na screenshot alikuwa nayo.

Nikaipeleka kwa fundi. Alipofungua mfuniko wa nyuma akanionyesha ule mpira mwembamba unaozuia maji: umekauka, umekakamaa. Kutu ilishaanza kwenye mashine. Matengenezo Sh 310,000. Faida yangu kwenye ile saa ilikuwa Sh 200,000. Nimelipa, mteja akarudishiwa saa yake nzima, na mimi nikatoboka Sh 110,000.

Fundi ndiye aliyenifungua macho. Ile mita 30 si ruhusa ya kuzama mita 30. Ni kipimo cha presha, saa ikiwa mpya, imetulia, kwenye mashine ya kupimia. Mkono unaopiga maji unaongeza presha. Na mpira unazeeka hata saa ikikaa kabatini.

Halafu kuna joto. Mteja wangu aliiacha saa juani kwenye kiti cha ufukweni, baadaye akaivaa na kuruka majini. Hewa ya ndani ya saa iliyopata moto inatanuka. Ukiitia ghafla kwenye maji ya baridi inasinyaa, na kama mpira umechoka, saa inavuta maji ndani. Ndiyo maana hata bafu la maji ya moto si mahali pa saa ya bei. Mvuke na sabuni vinamaliza mpira taratibu.

Baridi nayo ina yake. Mafuta ya kulainisha mashine yanakuwa mazito, saa inaweza kupoteza dakika. Ya betri, betri inapungua nguvu. Ukiwa na mteja anayepanda Kilimanjaro, au ndugu zetu walioko Ulaya wakati wa theluji, mwambie aivae ikigusa ngozi, chini ya mkono wa koti. Joto la mwili linaisaidia.

Usidhani bei kubwa inamaliza yote haya. Chukua Omega Speedmaster. Kabla ya kuipitisha mwaka 1965, NASA waliiweka kwenye joto la nyuzi 71 kwa saa 48, kisha 93 kwa dakika 30, na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 4. Ikapita. Mwaka 1969 Buzz Aldrin akaivaa juu ya Mwezi. Lakini Speedmaster hiyo ya Mwezini inayouzwa leo imeandikiwa mita 50 tu za maji. Kuhimili joto na baridi ni kitu kimoja, maji ni kitu kingine. Mteja asipoambiwa, ataona imefika Mwezini, bahari itaishindaje?

Sasa mimi nafanya hivi:

1. Naeleza matumizi, siandiki namba peke yake. Mita 30: mvua na kunawa mikono, basi. Mita 50: kuogelea kidogo, juu juu. Mita 100: kuogelea kawaida. Kwa wapiga mbizi wa mitungi, saa iliyotengenezwa kwa kiwango cha ISO 6425. Ukikuta 3 ATM, soma mita 30.

2. Saa iliyotumika naipeleka kwa fundi mwenye mashine ya presha kabla ya kuipost. Narekodi video akiipima. Isipopita na sitaki kubadilisha mpira, naandika wazi: "Usiitie kwenye maji." Bei inashuka kidogo, usingizi naupata.

3. Namtumia mteja maelekezo mafupi kabla hajalipa: kile kifundo cha pembeni kifungwe vizuri, usikivute wala kubonyeza vitufe ukiwa majini. Ukitoka baharini suuza kwa maji baridi ya bomba, chumvi inakula. Mkanda wa ngozi usilowe. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Mpira upimwe kila mwaka kama unaogelea nayo.

4. Maelekezo hayo nayaweka kwenye chat, siyo kwa simu. Siku ya mgogoro, wote tunasoma kitu kimoja.

Kuna wateja niliowapoteza kwa sababu ya ile "usiitie kwenye maji." Wapo. Lakini yule wa Zanzibar alinirudia, akanunua saa ya mkewe, na kabla ya kulipa akauliza swali moja tu: "Hii anaweza kuogelea nayo?"

Nikamjibu hapana. Akalipa.

Hata kama huuzi saa, pitia posti zako leo. Tafuta lile neno unaloliandika kwa mazoea: "original", "haichuji", "haivunjiki", "haiingii maji". Jiulize, mteja akilichukua kama lilivyo na kwenda nalo baharini, utaweza kulilipia?