Milima ya Skii Inayopendwa, na Binti wa Kilifi Aliyeiteremka

Eneo la skii ni mlima wenye theluji, wakati mwingine kilima kidogo tu, uliotayarishwa ili watu wapandishwe juu kwa mashine na kuteremka kwa kuteleza. Skii zenyewe ni mbao mbili ndefu na nyembamba. Ncha zake zimeinuka mbele kama omo ya dau, na kingo zake zimetiwa chuma ili ziing'ate theluji. Mtelezaji huvaa viatu vigumu vinavyonasa juu yake na kujifungua vyenyewe akianguka vibaya, mguu usije ukavunjika. Mikononi hushika fimbo mbili za kumsaidia kujiweka sawa.

Maeneo ya namna hiyo yapo maelfu duniani, na kila mpenzi wa mchezo huu ana lake analolisifu. Wapo wanaofuata theluji laini, wapo wanaofuata mteremko mkali, na wapo wanaofuata jua na chakula kizuri. Lakini ipo sifa moja ambayo haitajwi sana kwenye vijitabu vya watalii, nayo ni ukaribu. Kilima kilicho nyuma ya nyumba humfunza mtu kuliko mlima mashuhuri anaoufikia wiki moja kwa mwaka. Ushahidi wake umezaliwa pwani ya Kenya.

Sabrina Wanjiku Simader alizaliwa Kilifi Aprili 1998. Ni nchi ya minazi na mikorosho ambako hata usiku wa Julai hakuna anayejua barafu isipokuwa ile ya jokofu. Akiwa na miaka mitatu alihamia Austria na mama yake. Walikaa Sankt Johann am Wimberg, kijiji cha jimbo la Austria ya Juu, katika vilima ambavyo havifiki hata mita 1,000. Baba yake wa kambo aliendesha lifti ya skii hapo kijijini, na ndiye aliyemvalisha skii kwa mara ya kwanza.

Kilima cha namna hiyo hakina sifa kubwa. Mteremko wake humalizika kwa dakika chache, lifti yake ni kamba inayomkokota mtu huku skii zikiwa chini, na majirani wote wanajuana. Ila mtoto akitoka shule anaweza kupanda na kushuka mara ishirini kabla ya giza, na mwili hujifunza kuteleza kwa kurudia, kama vile mtoto wa mvuvi anavyojifunza ngalawa kwa kutoka nayo kila siku. Februari 2018, kabla hajatimiza miaka 20, Simader alibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Majira ya Baridi huko Pyeongchang, Korea Kusini. Alikuwa Mkenya pekee kwenye michezo hiyo, na mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki za baridi.

Baada ya ukaribu huja theluji, na theluji hazifanani. Ile inayoanguka kwenye baridi kali na kavu huwa nyepesi kama unga. Mtelezaji huzama ndani yake hadi magotini na kupita bila sauti. Ile inayoyeyuka mchana na kuganda tena usiku huwa ngumu kama sakafu, nayo hupendwa na wanaoshindana tu, kwa sababu haipunguzi mwendo. Unga unaosifiwa zaidi unapatikana Niseko, kwenye kisiwa cha Hokkaido, Japani. Sababu yake ni upepo, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Majira ya baridi upepo mkavu hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani na kubeba unyevu, kisha hugonga milima ya Hokkaido na kuumwaga wote. Kama kusi linavyoleta mvua za masika Kilifi, upepo huo huleta theluji karibu kila siku, mwezi baada ya mwezi.

Mahali pasipopata theluji ya kutosha, mashine hurusha matone madogo ya maji hewani usiku, nayo huganda kabla ya kugusa ardhi. Kisha matrekta yenye minyororo hupita kuisawazisha, hivyo kwamba asubuhi mteremko mzima una mistari midogo kama kitambaa kilichofumwa. Wapenzi wa skii huamka mapema ili wawe wa kwanza kupita juu ya mistari hiyo.

Mwinamo nao una lugha yake. Nchini Austria njia za kuteremkia hupewa rangi tatu: buluu kwa wanaoanza, nyekundu kwa waliozoea, nyeusi kwa mabingwa. Ufaransa huongeza kijani kwa walio wachanga kabisa. Eneo zuri kwa familia ni lile lenye rangi zote zinazokutana chini, ili baba aliyeshuka nyeusi amkute mwanawe aliyeshuka buluu kwenye meza moja. Kitzbühel, mji wa kale wa jimbo la Tyrol, una sifa hiyo, ingawa dunia inaujua kwa njia moja tu, Streif. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 3, na penye mwinamo mkali kabisa ardhi hushuka mita 85 kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Mbio za Hahnenkamm zimekuwa zikifanyika hapo tangu 1931, na mtelezaji anayeshinda Streif huheshimiwa Austria kuliko wengi waliopata medali.

Katika jimbo hilohilo kuna St. Anton am Arlberg. Mwalimu Hannes Schneider alibuni hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, utaratibu wa kufundisha skii hatua kwa hatua, akianza na skii zilizobanwa mbele kama kabari ili kupunguza mwendo. Anayeanza leo, popote alipo, bado hufundishwa kabari hiyo siku ya kwanza.

Uswisi inashindana kwa mandhari. Zermatt iko chini ya mlima Matterhorn, wenye mita 4,478 na umbo la jino lililochongoka. Magari ya petroli hayaruhusiwi kijijini, na juu kabisa kuna barafu ya kudumu inayowezesha watu kuteleza hata Julai. St. Moritz ina jua na fahari. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli Johannes Badrutt aliwekeana dau na wageni wake Waingereza: waje wakati wa baridi, na jua lisipowaka atawarudishia nauli. Walikuja, wakabaki hadi masika, na tangu hapo matajiri wa Ulaya hawakuacha kwenda. Mji huo uliandaa Olimpiki za baridi mara mbili, 1928 na 1948. Februari 2017 Simader alishindana hapo kwenye Mashindano ya Dunia, akivaa rangi za Kenya.

Wafaransa wamepata sifa kwa ukubwa. Eneo la Trois Vallées, yaani Mabonde Matatu, limeunganishwa kwa lifti hadi kuwa na njia za takriban kilomita 600. Mtu huondoka Courchevel asubuhi, akala mchana Val Thorens kwenye mita 2,300, na kurudi jioni bila kupita njia ileile mara mbili. Kwa anayependa safari hilo ni jambo la ajabu. Kwa anayeanza ni mzigo, kwa sababu akichelewa lifti ya mwisho hubaki bonde lisilo lake, na teksi ya kuzunguka mlima si rahisi.

Yapo pia maeneo yasiyohitaji mlima. Huko Skandinavia skii zilikuwa njia ya kwenda shambani na msituni kabla hazijawa mchezo, na hadi leo watu wengi hupenda skii za mwendo mrefu, ambapo mtelezaji hujisukuma mwenyewe kwenye ardhi ya kupanda na kushuka. Raha yake ni kimya cha msitu, njia zenye taa usiku, na mifuo miwili iliyochongwa kwenye theluji ili miguu isipotee. Jijini Oslo treni ya mjini humfikisha mtu hadi Holmenkollen, na kutoka hapo msitu umeanza. Uswidi ina mbio za Vasaloppet, kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora, zilizoanza 1922 na kushirikisha maelfu ya watu wa kawaida.

Kwa tawi hili Kenya ilitangulia. Philip Boit, mkimbiaji kutoka nchi ya Eldoret, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii akiwa hajawahi kukanyaga theluji. Februari 1998, kwenye Olimpiki za Nagano, aliingia mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, wa 92, kwa dakika 47 na sekunde 25, takriban dakika 20 baada ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alikuwa bado amesimama kwenye mstari akimngoja, akamkumbatia, na sherehe ya medali ikachelewa kwa ajili hiyo. Boit alimpa mwanawe jina Daehlie. Alirudi tena kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Barani Afrika penyewe theluji ipo, ila maeneo ya skii ni machache. Oukaïmeden, kwenye milima ya Atlas nchini Morocco, iko kilomita zisizofika 100 kutoka Marrakech. Lifti yake hufika juu ya mita 3,200, na penye uhaba wa lifti punda humpandisha mtu pamoja na skii zake. Anayependa utaratibu wa Kizungu atalalamika. Anayependa chai ya mnanaa, bei nafuu na nyuso za wenyeji atarudi. Kusini kuna Afriski, Lesotho, kwenye mita 3,000 na zaidi, yenye mteremko mkuu wa kilomita moja unaotegemea sana mashine za theluji. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, wakati Ulaya imekauka.

Msomaji atauliza kuhusu Kilimanjaro na Mlima Kenya. Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo mwaka 1912 na kuteremka sehemu ya njia kwa skii, kwa hiyo jambo hilo limewahi kufanyika. Lakini theluji ya huko haikai kwenye miteremko mirefu, chini yake ni mawe na majivu ya volkano, na hewa ni nyembamba mno kwa mchezo. Kubwa zaidi, barafu yenyewe inaondoka. Tangu mwaka huohuo wa 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na barafu ya Lewis kwenye Mlima Kenya imebaki mabaki tu.

Joto linaloyeyusha barafu halichagui bara. Simader alianza Kombe la Dunia Januari 2017 huko Maribor, Slovenia, mji ambao mteremko wake unaishia karibu na nyumba za watu. Ulikuwa uwanja wa kupendeza kwa sababu hiyohiyo ya ukaribu, na wanawake walishindana hapo tangu 1964. Uko chini mno, na katika miaka mingi theluji ilikosekana hata mbio zikahamishiwa Kranjska Gora, penye baridi zaidi. Vilima vya chini, vile vinavyolea watoto wa vijijini, ndivyo vinavyopotea kwanza, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya hoteli yoyote ya mita 2,000.

Kwa baadhi ya watu wa pwani ya Kenya, theluji ya kwanza huonekana Dubai, wanakokwenda kwa kazi na biashara. Ski Dubai ilifunguliwa 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates. Nje joto la kiangazi hupita nyuzi 40, ndani ni chini kidogo ya sifuri. Ina njia tano, ndefu kuliko zote ikiwa na mita 400, na makoti na viatu hukodishwa mlangoni. Hakuna mandhari wala upepo, lakini ni pazuri pa kujifunza, kwa maana theluji yake haibadiliki na mwalimu yuko hatua mbili tu.

Na nyumbani ipo skii ya majini, iliyobuniwa na kijana Ralph Samuelson kwenye ziwa Pepin, Marekani, mwaka 1922. Kriki ya Kilifi, ile inayovukwa na daraja la 1991, inaifaa: imekingwa na mawimbi ya bahari kuu, ina kina, na asubuhi kabla upepo haujaamka maji hutulia kama mafuta kwenye sufuria. Aliyezoea kusimama nyuma ya boti hapo amekwisha kujifunza kukunja magoti na kutazama mbele badala ya miguuni.

Anayekwenda kwenye theluji kwa mara ya kwanza achague kilima kidogo chenye njia ya buluu, akodi viatu vinavyoshika kisigino sawasawa, na fedha yake ya kwanza, kabla ya hoteli na kabla ya picha, ampe mwalimu.