Mkono Uliopasuliwa Hupimwa, Haukisiwi

Hapa kwetu Lingeka, wilayani Meatu, mkono ndio mtaji wa nyumba: ndio uchumao pamba, ndio ushikao jembe na kalamu. Basi mtu apasuliwapo kifundo cha mkono kwa ajili ya ganzi ya vidole, huulizwa, "Umepona?" Naye huutazama mshono, kisha akajibu kwa kukisia.

Yatupasa tufahamu ya kuwa ndani ya kifundo mna njia nyembamba. Hupita humo kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu, uletao hisia katika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Njia ikibana, vidole hufa ganzi, zaidi usiku. Tabibu huukata ukano ulioifunika njia hiyo, na mshipa hupata nafasi. Lakini kufunga kwa ngozi siko kupona kwa mkono.

Kupona hupimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni nguvu: mgonjwa hukaza chombo chenye kuonyesha kilo mara 3, na wastani wake hulinganishwa na ule wa kabla ya kupasuliwa. La pili ni hisia: vidole huguswa kwa nyuzi za nailoni za unene mbalimbali, macho yamefumbwa. Matabibu wa ukoma nao huzitumia nyuzi hizi. La tatu ni kazi: mwaka 1993 Levine na wenziwe wa Boston, Marekani, walitoa maswali 19, 11 ya maumivu na ganzi, na 8 ya kazi kama kuandika, kufunga vifungo na kuoga. Kila jibu lina namba, tangu 1, yaani hakuna taabu, hata 5.

Tena ijulikane kwamba wiki za mwanzo nguvu hupungua kuliko kwanza, na kwa wengi hurejea yapata miezi 3. Asiyejua hayo hudhani ameharibiwa.

Hospitali yetu ya rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza, nako ni mbali. Kwa hiyo enyi vijana, wawekeeni wazee wenu daftari: kila wiki andikeni tarehe, kifungo kilichofungwa, usiku uliolalwa bila ganzi. Tabibu ataamua kwa hayo. Lakini mkiona usaha, homa, au ganzi inayozidi, msingoje tarehe. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku ile ile.