Fahamu: Msanii amesainiwa kweli, au ni uvumi?

Picha ya msanii akiwa studio na bosi wa lebo hufika kwenye simu za Nyantakara, Biharamulo, upesi kama inavyofika Kariakoo. Lakini picha si mkataba.

Angalia kwanza anayesema ni nani. Mwimbaji Zuchu alipojiunga na lebo ya WCB Wasafi, Aprili 2020, lebo yenyewe ilimtambulisha hadharani. Lebo na msanii wakisema jambo moja, una pa kusimamia. Lakini mwimbaji Harmonize alipoondoka kwenye lebo hiyo mwaka 2019, alisema alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Hapo mwandishi makini huandika "Harmonize anasema", kwa kuwa hayo ni maelezo ya upande mmoja. Kurasa 20 za udaku zilizonakiliana bado ni chanzo kimoja tu.

Kisha fungua albamu ya msanii kwenye Spotify au Apple Music: chini yake huandikwa mwaka na mwenye haki. Jina hilo huenda likawa la msambazaji tu, kwa hiyo usiishie hapo.

Na wewe msanii chipukizi, ukiombwa ada ili "usainiwe", usitume hata shilingi kabla hujaiuliza lebo yenyewe.